Siafu wa Kaya

Mimi nilizaliwa kule juu, kwenye milima ya Shimba, nikaolewa Msambweni. Miaka yote hiyo nikipanda kwetu napanda kwa mazishi au kwa harusi, nimebeba sufuria. Mwaka jana mke wa mwanangu akaniambia, "Mama, Jumapili twende tukatalii Shimba."

Nikamuuliza, "Mwanangu, mtu hutalii kwao?"

Akacheka. Yeye ni mtu wa bara, hufua mashuka katika hoteli moja huko Diani, na hoteli ilikuwa imewapa wafanyakazi gari na mtembezaji kwa siku moja. Mimi humtania kwamba alikuja pwani kutafuta kazi akaniibia mwanangu. Naye hunijibu, "Sikumwiba, mama. Nilimkuta ametupwa." Ndivyo tulivyo.

Basi nikaamka alfajiri nikakaanga mahamri, nikajaza ndoo ndogo, nikavaa kanga mpya. Mjukuu wangu wa kike, wa miaka saba, akakaa nami kiti kimoja. Huyo mtoto hali wali mpaka nimfinyangie tonge mimi. Mkono wake u mkononi mwangu tangu tunatoka nyumbani.

Yule mtembezaji akaingia garini na mabuti yake, akanitazama, akasema, "Sasa, shosho."

Mimi si shosho wake, hilo neno la bara la kumwita bibi. Mtu mzima pwani huamkiwa shikamoo, hata na mwizi. Lakini siku ilikuwa nzuri, nikasema moyoni, mwache, ni mgeni.

Tulipopita mjini Kwale tukaanza kuona mashamba yamelala chini kule, minazi, mikorosho, michungwa, na ile mirangi yenye matunda mekundu ya manyoya ambayo tulikuwa tukipakana usoni utotoni. Mbali kabisa, upande wa Ramisi, miwa. Nilifurahi mpaka nikawa namwonyesha kila mtu asiyetaka kuonyeshwa. Tukamwona palahala, yule mnyama mweusi wa pembe zilizopinda kurudi mgongoni. Mtembezaji akasema Kenya nzima wako hapa tu. Hapo alisema kweli, nikampa haki yake. Kisha wakatokea ndovu, gari zima likawapigia makofi. Makofi. Mimi nikayakumbuka mahindi ya baba yangu, shamba zima lililiwa kwa siku moja, na hakuna aliyempigia baba makofi.

"Bibi, mbona umenuna?" mtoto akaniuliza.

"Wale wana deni la mahindi," nikamwambia. Akacheka. Bado mkono wake ulikuwa mkononi mwangu.

Tukafika kwenye kaya. Kwa asiyejua, kaya ni msitu ambao wazee wetu walikaa ndani yake zamani, na sasa ni mahali pa kuombea. Mzee anayeilinda alikuwa amekwenda mazishini. Alikuwa ametupa ruhusa tufike langoni tu, tusiingie ndani, na akatuachia kaniki za kujifunga, zile nguo nyeusi, juu ya gogo. Tukajifunga. Yule mtembezaji akasimama mbele yetu na mabuti yake, akaanza.

"Hapa ndipo wazee walikuwa wanaita mapepo," akasema. "Na hata leo, hawa mabibi wazee wa huku, mmoja akikuangalia vibaya, hufiki nyumbani."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja wa kule hotelini, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Basi sisi tumembeba wetu garini kabisa, na mahamri yake tumekula."

Wakacheka zaidi. Na mimi nikasikia mkono wa mtoto unatoka mkononi mwangu. Haukuchomoka kwa ghafla. Ulitoka polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa mkono kwenye shimo asilojua lina nini.

Sikilizeni niwaambie. Huku kwetu, mwanamke mzee kuitwa mchawi si mzaha. Wako wazee waliokatwa mapanga kwa neno hilo, na wengine wamekatwa na wajukuu wao wenyewe. Neno huanza hivyo hivyo, kwa kicheko, mbele ya mtoto.

Nikamwambia mtembezaji, "Baba, umemaliza?"

"Shosho, ni stori tu. Wageni wanapenda."

"Mimi ni mgeni? Mvua ilipokatika, mama yangu alijifunga kaniki kama hii akaja hapa, na mimi nyuma yake na kata ya maji, mdogo kuliko huyu. Tulikuja kumwomba Mungu mvua. Ni Mungu huyo huyo ninayemsujudia kwenye mswala wangu kila siku. Hakuna pepo aliyeitwa. Na hatukuingia na viatu. Vua hayo mabuti."

"Haya ni ya kazi, shosho."

"Imamu naye yuko kazini na haingii msikitini na ndala. Vua."

Akavua. Nakiri nilipendezwa. Miguu yake ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuoga. Akapiga hatua moja, akaenda kukanyaga mstari wa siafu.

Nimekwenda harusi nyingi, sijaona mtu akicheza vile. Suruali aliipandisha, akaishusha, akajipiga mapaja, akazunguka gogo mara mbili. Yule mwanamke wa nyuma akasema, "Si nilisema mimi?" Na mjukuu wangu akakimbia akajificha nyuma ya mama yake, akalia, "Bibi amemroga."

Mtembezaji akatulia, mkono ukiwa ndani ya suruali.

Mke wa mwanangu uso ukamshuka. "Mama, ni mtoto huyu."

"Najua ni mtoto. Waliomfundisha ndio watu wazima."

Nilitaka kusema mengi. Lakini nikaona nikizidi kusema, nazidi kutisha. Nani anayemwamini mchawi akijitetea? Basi nikavua champali zangu, nikapandisha kanga hadi magotini, nikaenda nikasimama pale pale kwenye siafu. Miguu yote miwili.

Ee Mola wangu. Siafu wa Shimba wana meno. Nikavumilia nikitaka kuonyesha heshima, nikashindwa. Mimi ninayeshuka kitandani nikishika ukuta, nikaruka. Kanga ikaenda huku, kilemba kikaenda kule, nikamkanyaga mtembezaji, mtembezaji akanikanyaga mimi.

Aliyeanza kucheka ni mtoto. Alitoa jicho moja nyuma ya sketi ya mama yake, kisha la pili.

"Bibi, na wewe wanakuuma?"

"Huoni? Njoo unitoe, mimi mgongo haupindi."

Akasitasita. Akamtazama mama yake, mama yake akamwambia, "Nenda kwa bibi yako." Akaja, akachuchumaa, akaanza kunibandua siafu miguuni, mmoja mmoja, ulimi nje.

"Mbona hukuwaroga wasikuume?"

"Ningejua kuroga, mama, ningeanza na hili goti."

Mtembezaji akaja amebeba mabuti yake mkononi, uso umevimba kwa aibu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ukileta watu wengine hapa utawaambia nini?"

"Nitawaambia ni mahali pa kuombea mvua."

"Na mabibi wazee?"

"Wanaumwa na siafu kama mimi."

Huyo nikampa mahamri mawili. Yule mwanamke wa nyuma hakuniomba radhi mpaka leo, na njia nzima alikuwa akiitazama ndoo yangu. Nikaifunika. Sitaki mtu aniambie nimsamehe kwa kuwa alikuwa anatania. Atanie goti langu, atanie meno yangu. Lile neno asilitie mdomoni mbele ya mjukuu wangu.

Tuliporudi mtoto alikaa mapajani pangu, akashika mguu wangu akauchunguza.

"Bibi, huyu kichwa chake kimebaki."

"Kitoe basi."

Hakukipata haraka. Tulishuka mlima wote, tukapita Ukunda, tukaingia barabara ya Msambweni, bado anakitafuta.