Saba Juu ya Mfalme

Mimi nina mdomo. Kila anayenijua atakwambia. Muuza nyanya akinipunja namwambia palepale, na fundi cherehani akinipiga kalenda, mtaa mzima utasikia. Kwa hiyo nikisema kwamba kuna siku nilinyamaza, ujue nasema jambo linaloniuma mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoingia. Chama cha ushirika nilikokuwa mpiga chapa kilitupunguza kazini, tukasomewa majina barazani huku tumesimama. Nikaanza kupika vitumbua. Navyo vikadoda, maana kila aliyepunguzwa alikuwa anapika vitumbua, sasa nani amnunulie mwenzake? Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili, na baba yangu mstaafu alikuwa hajiwezi miguu. Wote wananitazama mimi.

Wakati huo mawe ya thamani yalikuwa yameonekana upande wa Tunduru, na wanunuzi wa kigeni walikuwa wakilala hapa kwetu Songea kwenda na kurudi. Mwenye baa mmoja akaona mbali. Akatoa magunia kwenye chumba cha nyuma, akatandika blanketi la kijani juu ya meza, akaandika mlangoni: KASINO. Alitaka msichana wa kugawa karata.

"Karata unazijua?" akaniuliza.

"Mimi? Kamuulize baba yangu!"

Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku akaoa huku. Mzigo wake mkubwa kutoka pwani ulikuwa mchezo wa karata uitwao sitini. Katika mchezo ule mkubwa ni ree, ana alama kumi na moja. Anayemfuata ni saba, alama kumi. Mfalme je? Alama nne tu, maskini ya Mungu. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa naua wafalme wa baba kwa saba, naitandika mezani pwaa, na baba anacheka mpaka kofia inamwanguka.

Tajiri, yule mwenye baa, akanipa karatasi iliyoandikwa kwa mashine, yenye sheria za poka. Kila mtu anashika karata tano. Jozi ni ndogo, jozi mbili zinaipita, tatu zinazofanana zinapita hizo, halafu karata tano zinazofuatana, halafu tano za ua moja, kopa tupu au shupaza tupu, na kuendelea juu. Nilikariri yote kwa siku mbili nikikatakata matembele. Chini kabisa palikuwa na mstari mdogo unaoeleza ukubwa wa karata moja moja. Huo sikuusoma. Nani anifundishe mimi ukubwa wa karata? Kiburi changu kilinitosha.

Wiki mbili za kwanza walicheza wageni peke yao. Wao wenyewe ndio waliosema nani kashinda, mimi nagawa na kukusanya.

Jumamosi moja, alasiri ya mvua, mlima Matogoro hata hauonekani, akaingia mnunuzi mmoja tuliyemzoea, Kiswahili anakivunjavunja lakini bei anaijua. Nyuma yake alikuwepo mzee wa makamo, mtu wa Tunduru, kanzu imekunjwa hadi magotini kwa tope. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniita mwanangu.

Walikuwa wamegombania bei tangu asubuhi. Mzee alikuwa na jiwe la buluu, dogo kama punje ya kunde, kwenye kimfuko cha kitambaa alichokivaa shingoni. Alikuwa ameiacha mikorosho yake imeingiwa na msitu, akachimba mwaka na nusu, akapata hilo moja. Alitaka mashine ya kusaga, kijijini kwao wake zake na binti zake wanatwanga mpaka viganja vinatoka malengelenge. Bei ya mnunuzi haikutosha hata mkanda wa mashine. Basi mnunuzi akamwambia wacheze: mzee akishinda, atapata fedha zote alizotaka. Akishindwa, jiwe linaondoka bure.

"Mungu anisamehe," mzee akasema. "Karata nazijua tangu utoto. Hizi zenu nieleze tu."

Nikamweleza, vizuri kabisa, jozi na tatu na mfululizo. Akawa anaitikia kwa kichwa, mtu mwelewa.

Nikagawa. Wakabadilisha karata walizotaka. Jiwe liko katikati ya blanketi, na noti zimekaa pembeni yake. Mnunuzi akafunua: saba tatu. Mzee akafunua zake taratibu: wafalme watatu.

Mkono wa mnunuzi ulikuwa umeshaanza kusukuma zile noti kwenda kwa mzee. Nimeuona kwa macho yangu. Lakini mzee akashusha pumzi, akasema, "Saba. Basi, nimekwisha."

Nami nikasema kwa sauti ya kazi, "Saba inachukua."

Mkono wa mnunuzi ukasimama. Akamtazama mzee, akanitazama mimi. Kisha akalichukua jiwe, polepole, akalitia mfukoni. Mzee akampa mkono, akatoka mvuani.

Mnunuzi alipoinuka aliniachia noti moja, akagonga kidole mara mbili juu ya mfalme wa kopa, akacheka.

Nikaivuta ile karatasi kutoka chini ya kaunta, nikasoma ule mstari mdogo. Ree, mfalme, malkia, mzungu wa tatu, kumi, tisa, nane. Saba iko huko chini, juu yake zimepanda karata saba nyingine. Yallah! Mzee alikuwa ameshinda. Mashine ilikuwa yake.

Mnunuzi alikuwa bado anawasha gari nje. Ningeweza kupiga kelele. Mdomo wangu huu unaojulikana mtaa mzima! Nikamwona tajiri kaunta anahesabu soda, nikamwaza mtoto, nikaviwaza vitumbua. Nikasimama hapohapo mpaka gari likaondoka.

Asubuhi yake napiga deki, mzee akaja. Nikajua amekwisha kuambiwa. Kumbe gari la Tunduru lilikuwa halijaondoka, naye amekuja kuniaga. Ameniletea korosho za kukaanga, amezifunga kwenye karatasi ya daftari.

"Jana ulinieleza kwa heshima, mwanangu. Hukunicheka," akasema. "Niandikie basi ule mpangilio wa karata. Ninarudi shimoni. Nikipata jingine, nisije nikacheza kama kipofu."

Nikazimimina korosho kwenye bakuli, nikainyoosha ile karatasi ya daftari. Nikaandika jozi, nikaandika tatu, nikaandika yote sawasawa. Nikafika kwenye ukubwa wa karata moja moja, kalamu ikagoma. Nikiandika kweli, ataisoma mbele yangu, na atajua. Watu wetu husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nilikuwa naujua msemo huo vizuri sana.

Nikaandika: ree, saba, mfalme.

Akaisoma kwa kidole, herufi moja moja. "Saba juu ya mfalme," akasema, akatabasamu. "Kama kwetu."

"Kama kwetu, baba."

Akaikunja mara nne, akaitia kwenye kile kimfuko cha shingoni, alimokuwa ameweka jiwe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akulipe, mwanangu."

Nikaitikia, amina.