Maji ya Uti wa Mgongo Hayatiwi Friji

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilichemsha damu. Nilikuwa nimetoka Voi na cheti changu cha maabara, ikama yenyewe, kibali cha kuishi kule, bado haijatoka, na Msimamizi wa Vyakula vya Bakteria, mzee wa Kisudani, akanikabidhi chupa ya agari. Agari ni unga wa mwani. Ukiupika kwa maji na kuuacha upoe huganda, na juu yake bakteria hukua. Wako wanaotaka damu, basi unaongeza damu ya kondoo, lakini kwanza ungoje chupa ipoe hadi uweze kuishika bila kuruka. Mimi sikungoja. Damu ikageuka kahawia.

"Umepika chokoleti," akasema mzee. "Usilie. Wapo wanaoipenda hii kuliko ile nyekundu. Yalla, mimina."

Kumbe chokoleti ndilo jina lake la kazi mpaka leo, ingawa haina chokoleti hata chembe.

Vijana mnaoniuliza kazi ilikuwaje zamani zetu, mnadhani waliovaa koti jeupe walikuwa na roho nyeupe. Mimi ni mtu wa kijicho, nakiri mapema. Siku ile ile nilimwonea wivu Mfilipino wa benchi la pili kwa sababu pipeti yake, kile kifaa cha kufyonzea matone, ilikuwa mpya na yangu ilikuwa na ufa.

Nilikaa Riyadh miaka minane, nikipanga chumba mtaa wa Malaz na wauguzi wawili wa Kikenya. Nilimimina sahani nyingi mno, sahani zile za plastiki zenye mfuniko. Kisha nikahamishiwa Jeddah, kwenye utafiti wa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaopenda mahali watu wanapobanana, na mji ule hupokea mahujaji kutoka kila pembe. Daktari Mkuu alikuwa mama wa hapo hapo Jeddah, mwenye sauti ya chini. Akikukemea hukujua mpaka umefika nyumbani.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Hospitali hutuletea maji ya uti wa mgongo, yaliyovutwa kwa sindano mgongoni mwa mgonjwa. Kwanza unayatazama kwa hadubini. Bakteria wetu hukaa wawili wawili, kama maharagwe yaliyoelekeana. Halafu unayapaka kwenye sahani ya chokoleti, unaiweka ndani ya mtungi pamoja na mshumaa unaowaka, unafunika. Mshumaa huzimika wenyewe na kuacha hewa anayoipenda bakteria huyu. Mtungi unaingia inkubeta, kabati lenye joto la mwili, na kesho yake unakuta vitone vya kijivu. Hapo ndipo unamjaribu kwa dawa moja moja. Bakteria aliyekufa utamwona kwa hadubini, lakini huwezi kumuuliza ni dawa ipi inayomshinda. Na anakufa upesi kwa baridi. Mkojo tia friji, kinyesi tia friji, maji ya uti wa mgongo kamwe.

Usimamizi wa benchi hilo ulikuwa wazi, na kila mtu alijua ni wangu. Ndipo akaja Zuhura.

Alitoka Unguja, akahamia kwetu kutoka benchi la virusi. "Shikamoo, dada," aliniambia asubuhi ya kwanza, na shikamoo ile ikanizeesha miaka kumi. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, kimenyooka, na Daktari Mkuu alicheka naye mambo ambayo mimi, na Kiarabu changu cha mafi na halas, yaani hakuna na basi, sikuyafahamu. Nilimfundisha kumimina sahani. Mwezi haukwisha, sahani zake zikawa laini kuliko zangu. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi nikakaa nikimngoja atie maji. Hakutia. Roho iliniuma.

Siku moja ya Agosti, adhuhuri, dereva alileta mrija mmoja wa maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa alikuwa dada wa Kikenya, mfanyakazi wa nyumbani kule Al-Hindawiyah, mtaa niliokaa mimi mwenyewe. Jeddah Agosti, mkono wa mtu huenda kwenye friji bila kuuliza. Tena kule alikotoka Zuhura, kwenye virusi, kila kitu hukaa baridini. Nilikuwa mlangoni nimebeba trei. Nikamwona anafungua friji, anauweka mrija ndani, anafunga, anarudi kuandika jina la mgonjwa kitabuni.

Nilihitaji kusema neno moja tu. Nikageuka, nikaenda kula wali.

Saa mbili baadaye Zuhura akayapaka maji yale kwenye sahani. Kwa hadubini maharagwe yalionekana, kwa hiyo daktari wa wodi alijua anatibu nini, na yule dada akapona, namshukuru Mungu. Lakini sahani zilibaki tupu, siku ya kwanza na ya pili. Madamu wake, yule mwajiri, alipiga simu kila asubuhi kuuliza kama dawa waliyopewa watoto wake ya kujikinga ingefanya kazi. Hatukuwa na jibu. Wiki nzima nyumba ile iliishi kwa hofu, nami nikajua ni hofu niliyowapikia mimi. Hawakuugua.

Daktari Mkuu alituita. "Mrija huu uliingia kwenye baridi. Nani..."

"Ni mimi, Daktari," Zuhura akasema. "Nilisahau kwamba siko tena benchi la virusi. Madamu nitampigia mwenyewe."

Daktari Mkuu alimgeukia. "Anayenijibu kabla sijamaliza kuuliza," alisema, "huyo naweza kumwachia funguo."

Mwezi uliofuata akamwachia. Nilimwonea wivu cheo, hilo lilitarajiwa. Lakini nilimwonea wivu hata lile kosa, kwa sababu lake lilikuwa na jina na likasamehewa, langu halikuuliziwa na mtu. Miaka tisa nilifanya kazi chini yake, nikimwitikia marahaba kila asubuhi.

Mkataba wangu ulipokwisha, Zuhura alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Tukiwa tumekalia sanduku moja ili lijifunge, akasema, "Dada, siku ile ya friji nilisikia viatu vyako vimesimama mlangoni. Kisha nikavisikia vinakwenda."

Zipu ilikuwa mkononi mwangu. "Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua matokeo yalipotoka. Nikaelewa kwa nini vilisimama."

"Mbona hukunitaja?"

"Mkono ulioweka ulikuwa wangu. Vuta hapo, inakwama."

Sasa niko Voi, nimestaafu. Mlitaka niwaachie mafunzo. La kwanza mmeshalisikia, maji ya uti wa mgongo hayatiwi friji. La pili, ningependa kuwaambia kwamba wivu huisha mtu akizeeka, lakini ningewadanganya. Miaka ile yote nilijiliwaza kwamba kuna kitu kimoja ninacho ambacho Zuhura hana, nacho ni siri ya mlangoni. Kumbe hata hiyo alikuwa nayo, na aliitunza vizuri kuliko mimi.