Mrundi Wetu wa Golini

Wimbo ule niliutunga mimi. Nasema mapema, nisije nikawatukana wenzangu ukurasa mzima kana kwamba siku ile nilikuwa nimekaa pembeni nachambua mchele. Nilikuwa mwimbishaji wa mashabiki wa timu ya chuo chetu cha ualimu pale Kasulu, mwaka 2013, na sauti nilikuwa nayo. Nikianzisha wimbo bwenini, walioko jikoni wanaitikia.

Mechi ilikuwa ya ugenini, Kibondo, siku ya Jumamosi, mashindano ya vyuo vya upande wetu. Mwaka uliotangulia tulikwenda hukohuko tukafungwa mabao manne. Mabao ningeyasamehe. Walichotufanyia ndicho sikukisamehe. Tulifika vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, wakatupa ndoo moja ya maji watu wote wale, na mpira ulipoisha wakatusindikiza hadi kwenye lori wakiimba nyimbo za msiba. Wasichana wao walijifunga kanga viunoni wakajiliza kabisa, mmoja akagaragara chini kama kafiwa na mama yake. Nilipanda lori na hasira, na hasira ile niliilea mwaka mzima kama mtu anavyolea mtoto.

Basi ratiba ilipobandikwa ukutani na kuonyesha tunarudi Kibondo, chuo kizima kilipata wazimu. Somo la saikolojia halikusomwa wiki ile. Mkufunzi anafundisha mbele, nyuma watu wanachora bendera. Wa Kibondo walikuwa wanatutumia ujumbe kwenye simu kila jioni, eti tubebe leso, eti ndoo ya maji imeshajazwa. Tulipata lori la mfanyabiashara mmoja wa maharage, tukalifagia wenyewe, punje zilizobaki tukazipika. Tulishona vitambaa vya njano vya kufunga kichwani. Tulikuwa na mavuvuzela mawili na debe moja, na mpiga debe wetu alikuwa hatari.

Na safari hii tulikuwa na golikipa. Mwaka uliopita alikuwa bado hajajiunga na chuo. Huyu nilimfahamu tangu tukiwa wadogo, maana wote tumetokea Muyama, tumesoma shule moja ya msingi, tumekalia dawati moja darasa la tatu. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akalima Muyama, akaoa, akazaa. Mwenyewe kazaliwa palepale, Kiha chake na Kiha changu huwezi kuvitofautisha. Lakini tangu shuleni mimi nilimwita Mrundi na yeye aliniita mwizi wa maharage, kwa sababu niliwahi kukamatwa shambani kwao na maharage mabichi kwenye sketi. Ulikuwa utani wetu. Kwetu utani wa namna hiyo ni kama chumvi, mtu usipomtania atadhani umemnunia.

Alikuwa mkimya. Mrefu, mikono mirefu, anaongea kwa kuhesabu. Golini alikuwa anasimama tu katulia, mpira ukija unakuta yupo. Mechi tano hakuwa amefungwa hata bao moja.

Siku ya Jumatatu ya wiki ile nilimkuta bombani anafua soksi. Akaniambia jambo ambalo nadhani hakumwambia mwingine: baba yake atakuja kumwona. Mzee alikuwa ameshahama Muyama, alifuata shamba upande wa Kibondo, na hakuwahi kumwona mwanawe akicheza mpira hata siku moja. Kwanza alikuwa haupendi huo mpira, alisema ni kazi ya wasio na jembe. Sasa alikuwa amepiga simu mwenyewe kuuliza uwanja uko wapi, atakuja na baiskeli. Golikipa alinisimulia haya huku anasugua soksi ileile moja mpaka nikamwambia imeshatakata, iache. Akacheka. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Dada, safari hii niimbie mikono tu. Hayo mengine yaache."

Nilimjibu kwamba aache kuringa. Nilidhani anaona aibu kusifiwa. Haki ya Mungu, nilidhani hivyo.

Sasa niseme kuhusu Alhamisi. Chuoni kwetu kulikuwa na desturi: kila kabla ya mechi ya ugenini, Alhamisi asubuhi mashabiki wanakimbia mchakamchaka kutoka chuoni hadi sokoni na kurudi, wanaimba sifa za mchezaji mmoja mmoja. Mji uwajue wanaokwenda. Kama hujaimbwa Alhamisi, ni kama hujapangwa. Wimbo wa golikipa nilikuwa nimeutunga Jumatano, na nilijua ni mtamu kwa sababu bwenini hawakuniacha nilale, kila nikimaliza wanataka tena. Mimi nauliza, wao wanajibu. Golini kuna nani? Mrundi. Anaongea? Haongei. Mpira uko wapi? Kwapani.

Jamani, ulipendwa. Tulipofika sokoni akina mama wa dagaa waliacha mizani wakapiga makofi. Mafundi cherehani wakaitikia. Watoto waliokuwa wanakwenda shule walitufuata hadi njia panda wakipiga kelele za Mrundi, Mrundi. Wachezaji nao walikuwa wanakimbia nasi, na yeye alikuwa katikati yao. Niliruka juu ya gogo la muuza mkaa nikaurudia mara tatu, na kila mara nilikuwa namnyooshea kidole. Sikuangalia uso wake. Nilikuwa naangalia mji unavyoniitikia.

Na ule ulikuwa mwaka gani? Ulikuwa mwaka ambao kwetu mpakani kila mtu aliulizwa karatasi za uraia. Watu walikuwa wanashushwa kwenye mabasi. Kambi ya wakimbizi iliyokuwa karibu nasi ilikuwa imefungwa mwishoni mwa mwaka uliopita, Warundi wamerudishwa kwao, na mtu mwenye lafudhi kidogo alikuwa anapima maneno kabla ya kuagiza chai. Mambo hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa naishi humohumo. Lakini nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua bei ya kitu ambacho hana mpango wa kukinunua.

Ijumaa baada ya chai, mkufunzi wa michezo alituita sisi viongozi wa mashabiki pamoja na nahodha. Alikuwa mtu wa kuja, kapangiwa kazi kwetu kutoka mkoa wa mbali, si mtu mbaya. Alitueleza kwamba jana yake mgahawani kuna mtu alimuuliza, nusu utani, kama siku hizi chuo kinachezesha wakimbizi. Mtu mmoja tu, mwenye chapati mkononi. Mkufunzi hakulala. Aliona njiani kuna vizuizi, aliona wa Kibondo wakisikia watakata rufaa, aliona jina lake kwenye barua. Kwa hiyo alikuwa ameamua golikipa abaki, na golikipa namba mbili ndiye atakayekwenda.

Nilimuuliza kama amemwita mwenyewe akamsikiliza. Akasema amemwita. Golikipa alikuja na kivuli cha karatasi ya uraia ya baba yake, kilichokunjwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo, amekivisha nailoni. Jina la golikipa limo, la nne kutoka juu. Mkufunzi alikitazama akasema hiyo ni nakala, na nakala njiani haisemi kitu.

Hapo nilipandwa na mori. Nilimwambia basi aanze na mimi. Mimi sikuwa na karatasi yoyote, si nakala, si halisi. Nilizaliwa nyumbani, cheti cha kuzaliwa sikuwahi kukiona. Bibi yangu mzaa mama aliletwa kama bibi harusi kutoka ng'ambo ya mpaka, amezikwa Muyama na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Nahodha vilevile hakuwa na kitu, mpiga debe vilevile. Katika lori lile zima, mtu pekee mwenye karatasi yenye jina lake alikuwa ni huyo tunayemwacha. Nilisema yote haya kwa sauti, na sauti yangu mnaijua.

Mkufunzi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wewe hakuna aliyekuimba."

Nilitoka pale nikaenda kwa wenzangu, mashabiki, nikiwa na uhakika kwamba chuo kitalipuka. Nikawaambia tugome, lori lisiondoke, au twende sote mbele ya mkuu wa chuo. Walisikitika, siwezi kusema hawakusikitika. Walisema masikini, walisema inauma. Dakika tano. Kisha mmoja akauliza golikipa namba mbili anaweza mipira ya juu, mwingine akajibu anaweza ila kwa mguu ni mbovu, wakaingia kwenye mjadala wa beki ya kati. Mwingine akanikumbusha nitunge wimbo mpya wa huyo namba mbili, haraka, maana kesho si mbali. Niliwaangalia. Watu wale ndio waliokuwa wanapasua koo jana yake. Niliwatukana matusi ambayo mwalimu mtarajiwa hapaswi kuyajua, wakanishangaa. Wakasema nina hasira za ajabu, na kwani nani aliutunga wimbo.

Walikuwa na haki. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Golikipa mwenyewe nilimkuta nyuma ya bweni la wavulana, anamwonyesha namba mbili jinsi ya kuvaa zile glovu zake, maana kamba ya mkono mmoja ilikuwa imekatika. Nilianza kuomba msamaha, nikawa nazungukazunguka kwa maneno mengi. Alinisubiri nimalize. Hakuwa na ukali hata kidogo, afadhali angenikemea. Aliniomba jambo moja: simu ya baba yake ilikuwa haipatikani, pengine imeisha chaji, kwa hiyo nikimwona uwanjani nimwambie asisubiri. Nikauliza nimwambie sababu gani. Akasema nimwambie ninayoona inafaa.

Jumamosi tuliondoka kumepambazuka. Watu waliimba kutoka getini. Mimi nilikaa juu ya tairi la akiba, kitambaa cha njano mkononi, kinywa nimekifunga. Tulipokaribia Makere mkufunzi, aliyekuwa mbele na dereva, alitoa kichwa akatuamuru tunyamaze, kizuizi kile pale. Tukanyamaza watu wote. Nikamkumbuka bibi yangu, na nikawa najifanyia mazoezi kichwani ya Kiswahili cha darasani, kisicho na Muyama ndani yake.

Askari alikuja anatembea taratibu, akachungulia kwenye lori, akauliza tunakwenda wapi. Mkufunzi akamwambia. Askari akacheka, akasema tuwapige hao wa Kibondo, wanajisikia sana. Akainua mti. Basi, yakawa yameisha. Hakuuliza karatasi, hakuuliza jina, hakuuliza kitu. Nyuma yangu wakaanza kushangilia, na mimi nikalia kwa hasira mpaka nikashindwa kuona njia. Walidhani ni vumbi.

Vizuizi vingine njiani hatukukutana navyo. Nilivihesabu ambavyo havikuwepo, mpaka Kibondo.

Mzee alikuwa ameshafika. Nilimtambua kwa ule urefu na ile mikono. Alikuwa amesimama nyuma ya goli la upande wetu, koti la suti juu ya shati jeupe lililopigwa pasi, baiskeli kaiegemeza kwenye mti, kwenye karia amefunga kifurushi cha majani ya mgomba. Alikuwa anazitazama sura za wachezaji wetu wakipasha misuli, mmoja baada ya mwingine, halafu anaanza upya.

Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni nani. Alinikumbuka, na yale maharage aliyakumbuka, akacheka kidogo. Akauliza kwa lugha ya nyumbani kijana yuko wapi. Njia nzima nilikuwa nimeandaa uongo wa malaria. Ulinitoka kichwani. Nikamweleza yote, mchakamchaka, sokoni, wimbo, mtu wa mgahawani, mkufunzi. Nikamwambia wimbo ni wa kwangu.

Nyuma yetu wenzangu walikuwa wananiita nije nianzishe, mechi inaanza.

"Tangu anazaliwa nimemfundisha asitajwetajwe," mzee alisema. "Shuleni asiwe wa kwanza, asiwe wa mwisho. Wiki iliyopita nilipompigia simu akaniambia, baba, huku wananijua, huku hakuna shida. Ndiyo maana nikakubali kuja."

Akafungua kamba ya karia, akanipa kile kifurushi nimpelekee. Ndani kulikuwa na mihogo ya kuchemsha, bado ya moto. Akaigeuza baiskeli, akaisukuma kupita katikati ya mashabiki wa Kibondo waliokuwa wamejifunga kanga tayari, nao wakampisha mzee wa watu apite, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.