Kibao Nilichokishusha Mwenyewe

Ipo siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka hii leo, nami sitaki initoke. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, na mbele ya mlango wa chini wa jengo moja la Michenzani walikusanyika watu kama wamekuja harusini. Walikuja kutazama kibao. Kibao changu mimi.

Nnakuhadithia haya kwa kuwa juzi ulikuja hapa Kikwajuni kunionyesha barua ya chuo kwenye simu yako: umekubaliwa kusomea shahada ya pili ya ushauri nasaha. Furaha nliyoipata nlishindwa kuificha, nkakupikia mkate wa kumimina saa nne ya asubuhi. Ukanambia na jambo jengine, kwamba ushaanza kujitangaza kwa watu, na kitabu cha kwanza hujakifungua. Nkacheka mpaka ukanuna. Sikucheka kwa kukudharau, mwanangu. Nlijiona mimi.

Wakati huo nlikuwa na miaka ishirini na nane. Nlishasomesha skuli, nkaenda Bara kwa masomo hayo hayo yako, nkarudi Unguja kufanya mafunzo ya vitendo. Sharti la chuo lilikuwa moja na halina mjadala: nikae na watu saa themanini, mtu mmoja mmoja, niwasikilize, kisha msimamizi wangu atie saini. Bila ya saa hizo hakuna shahada. Nlipewa miezi mitano. Kikundi cha kina mama kikaniazima chumba chao, mlango unatazama njia kubwa, duka huku, muuza urojo kule. Nkaona nimepata. Pahala gani hupita watu kuliko pale?

Kibao alikitengeneza baba. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi seremala, na fahari aliyokuwa nayo juu yangu ilinishinda hata mimi mwenyewe, na mimi sikuwa mdogo wa majivuno. Akaranda ubao wa mvule mpana kama mlango, akampa mchoraji. Rangi ya samawati, maandishi ya manjano: USHAURI NASAHA. NDOA, HUZUNI, MASHAKA YA MOYO. KARIBUNI NYOTE. Na yule mchoraji, wala hakuulizwa, akaongeza picha ya mwanamke kakaa kitini analia, machozi makubwa kama kachori. Mama akakaanga sambusa na katlesi za mtaa mzima, baba akaleta halua, maalim akasoma dua, kibao kikapandishwa kwa vigelegele. Mimi nlisimama chini yake na buibui jipya nkapigwa picha.

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Jumatano akaingia bwana mmoja, nkainuka kwa furaha, akaniuliza kama hapa ndipo wanapopiga picha za paspoti.

Wiki ya tatu likazuka kubwa zaidi. Watu wakaanza kusema yule mwanamke wa kwenye kibao ni fulani wa jengo la pili, ati wamefanana pua na mkao. Mwenyewe akaja kunisuta, kanga kajifunga kiunoni. Nkamuapia kwamba mchoraji hata hamjui. Alizungumza saa nzima, nami nkamsikiliza kama nlivyofundishwa, kisha nkampigia simu msimamizi wangu, Dokta Faki, kumuuliza kama saa ile inahesabika. Akasema haihesabiki.

Ukapita mwezi wa kwanza, ukapita wa pili. Katika daftari langu la saa hamkuwa na kitu. Nlianza kuogopa kwelikweli. Nliona nitarudi kusomesha skuli bila ya shahada, na baba atapita mitaani watu wakimuuliza vipi yule binti yake wa mashaka ya moyo. Vitabu nlivyosoma vilikuwa vingi, lakini wazee walishasema, akili nyingi huondoa maarifa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana kibao kilikuwa ujinga tu, na ujinga husameheka. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka kiasi cha kunizaa, akipita kila siku baada ya alasiri. Sikuwa nkimjua. Akikaribia mlango wangu hupunguza mwendo, akakitazama kibao, akatazama duka, akamtazama muuza urojo, halafu akaongeza mwendo akenda zake. Kesho yake vile vile. Alitaka kuingia, hilo lilionekana wazi. Nkasema huyu anaona haya tu, wacha nimsaidie. Nkatoka mpaka njiani, nkamwita mbele ya watu, kwa sauti ya kusomeshea darasa: "Karibu mama, usione haya! Shida zako ndiyo kazi yetu!"

Muuza urojo akageuka. Wateja wake wakageuka na mabakuli yao mkononi. Yule mama akanitazama mara moja, akavuta mtandio usoni, akenda. Kesho yake hakupita, wala keshokutwa. Mpaka leo nikikumbuka jicho lile masikio yangu yanawaka moto.

Mlango wa pili kutoka wangu alikuwa akikaa Bi Mwanaidi, fundi wa kushona nguo za kike. Mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema na pini mdomoni. Aliona yote. Siku ya tatu akaniita, "Rukia," nkaitika naam, akanambia nikae. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, na hapo nkajua mambo makubwa.

"Mimi nnawapima wanawake wa mji huu tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Futi yangu inajua nani kanenepa, nani kapungua kwa dhiki, na nani ana mimba na mumewe bado hana habari. Ushanisikia hata siku moja nikisema?"

Nkasema sijasikia.

"Basi ndiyo maana wanakuja."

Nkajitetea. Si nlikuwa msomi? Nkamwambia mficha uchi hazai, na watu wa mji huu maradhi yao ni kuficha.

"Naam, mficha uchi hazai," akajibu. "Lakini hakuna anayezalia njiani. Hata mzazi hufungiwa mlango kwanza. Wewe umetundika picha ya mtu analia, halafu unamwita mama wa watu aje alie chini yake, na Michenzani nzima iko madirishani. Chema chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho kinachojitembeza."

Nkalia pale pale, na yeye akaendelea kushona. Hakunibembeleza wala hakunisimanga. Nlipomaliza akanambia ana chumba cha ndani cha kupimia, kina mlango na komeo, na mwanamke akiingia kwake hakuna anayejiuliza kafuata nini: kaja kushonesha. Nikitaka, chumba hicho changu kila siku baada ya alasiri, na yeye atakaa ukumbini na cherehani lake.

Lililonipa tabu lilikuwa kumwendea baba. Nlimwambia kibao kishuke, kichwa nimeinamisha, nkijua namvunja moyo. Akenda nyuma akarudi na ngazi na bisibisi. Kufika Michenzani akanishikia ngazi, nkakishusha mwenyewe, mchana kweupe, watu wakitazama. Muuza urojo akaniuliza dada vipi, ushafilisika? Nkamwambia nshafilisika, nitilie bakuli moja na la baba. Tukanywa urojo tumekaa na kibao chetu miguuni, na baba akasema mvule haupotei, atapata kuufanyia meza. Nkampenda siku ile kuliko siku zote za maisha yangu.

Dokta Faki hakuridhika. Chumba cha fundi cherehani! Akaja mwenyewe, kakunja uso, akauliza siri itahifadhika vipi na kuna mtu ukumbini. Bi Mwanaidi akamkalisha pembeni ya cherehani, mimi nkaingia ndani nkafunga mlango. Bi Mwanaidi akaanza kuukanyaga mkanyagio wa cherehani, nami huko ndani nkasema kila lililonijia: jina langu, jina la bibi yangu, sura nzima ya kitabu alichonisomesha yeye mwenyewe, na mwisho nkasema kwa sauti kwamba Dokta Faki anatoa maksi kwa ubahili. Nlipotoka nkamuuliza kasikia nini. Akasema kasikia cherehani tu. Bi Mwanaidi akainamia kitambaa chake, mabega yanamtikisika, na mpaka leo sijui kama na yeye hakusikia. Saini ya ruhusa nkaipata.

Yule mama alikuja wiki ile ile. Alileta kitambaa cha gauni, maana alikuwa mteja wa Bi Mwanaidi wa siku nyingi na mimi sijui. Bi Mwanaidi akamwambia taratibu: yule binti aliyekuita njiani yumo ndani, anataka kukuomba radhi. Ukipenda ingia, hupendi ntakupima hapa hapa. Akasimama sana. Mimi ndani nkamsogezea kiti. Akaingia.

Nkamuamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nkamwambia nimekukosea mama, nisamehe. Kisha nkafanya lile ambalo miezi yote ile sikuwahi kulifanya: nkanyamaza. Tukakaa. Nje cherehani limesimama. Tukakaa tena, mpaka akashusha mtandio na kuanza kusema, na alipoanza kulia Bi Mwanaidi akakanyaga, na hakuacha kukanyaga mpaka kilio kilipokwisha. Alilonambia silisemi. Hata leo, hata kwako wewe. Ntakwambia tu kwamba alikuja mara nyingi, na siku moja mle ndani akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, nami nkageukia ukutani asinione nnavyofuta macho kwa furaha.

Mama yangu ndiye aliyenipa mtihani wa mwisho. Kila jioni, chakula hakijaiva, huniuliza leo kaja nani. Nkamwambia siku moja, "Mama, umenizaa na kila nilicho nacho ni chako, ila hili si langu hata nikupe." Alinuna siku tatu. Kila harusi aliyokwenda, kila maulidi, akawa analalamika kwa wenzake: huyu mtoto kanishinda, hata mimi mamaye hanambii, mdomo kaushona na huyo Bi Mwanaidi wake! Akalalamika Kikwajuni, akalalamika Mji Mkongwe, akapeleka malalamiko mpaka shamba kwa dada zake.

Na wewe una akili, ushajua kilichotokea. Wanawake wakasikia kwamba yupo mtu mjini hamwambii hata mamaye. Wakaja. Wakaja na vitambaa vyao chini ya makwapa, mmoja mmoja, mpaka Bi Mwanaidi akanigombeza kwamba kila anayekuja kulia inabidi ashonewe na gauni, na yeye ana mikono miwili tu. Mwaka ule mitaa yetu ilivaa vizuri sana. Saa themanini zangu zilitimia na miezi mitano haijesha.

Nlipopata shahada, nyumbani pakapikwa biriani. Wanawake wakapanga safu kunipa mkono, mama kasimama ubavuni mwangu kajitanda kanga mpya, anapokea hongera kama aliyesoma ni yeye. Katika safu akafika yule mama. Kavaa gauni la Bi Mwanaidi, uso wazi. Akanishika mkono akanambia, kwa sauti ya kusikika, "Hongera, mwanangu. Hatujuani mimi na wewe, ila nimesikia umesoma sana, nkasema nije nikupongeze." Na mkono wangu haukutoka haraka mkononi mwake.

Mama akaninong'oneza, "Nani huyu?"

"Mgeni wetu, mama," nkamwambia. "Mtilie biriani, na nyama nzuri."

Vyeti ninavyo, mwanangu, na mabwana wakubwa washanisifu kwenye mikutano. Lakini sijapata kusifiwa kuliko siku ile, na mtu aliyesema hanijui.

Basi nasaha yangu ni hii. Soma, tena soma sana, usifanye uvivu kwa kuwa mimi nimekuhadithia habari za cherehani. Bila ya vitabu nisingelijua nifanye nini alipoanza kusema. Lakini ujue kwamba mtu aliyeumia hatafuti msomi kwanza, anatafuta pahala pa kufunga mlango. Mpe pahala hapo. Usimvute, msubiri aingie kwa miguu yake. Akinyamaza, nyamaza naye, usikimbilie kuujaza ukimya kwa maneno yako mazuri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haitoki mtungini ikaenda kuhadithia sokoni. Utakutana nao njiani, harusini, hospitali, wakikupita kama hawakujui. Usihuzunike, na usiwafuate. Ifurahie, maana hapo ndipo utajua kazi yako imefaa. Na utakosea, kama nlivyokosea. Ukikosea omba radhi mapema, na ngazi ukiipanda kwa vigelegele usione haya kuipanda tena kushusha kibao.

Mwenyezi Mungu akupe sikio pana na ulimi mzito. Akujaalie mzee wa kukukemea ukiwa bado unasikia, na wazazi wa kukushikia ngazi. Akuoneshe waliokuja kwako wanalia wakicheka mbele ya macho yako, nawe ujue na usiseme. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo zote. Amin.