Mwale Mnene Ukumbini kwa Wakwe

Chekeni tu, maana hata mimi sasa nacheka, ingawa siku ile nilitamani ardhi ya Voi inimeze pamoja na kanzu yangu ya kuazima.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimerudi likizo kutoka Ulaya kumposa Mwanaisha, binti wa watu wa pwani waliohamia Voi (mnene wa kupendeza, tena mwalimu wa Kiswahili!), na mjomba alinionya njia nzima kutoka Bura: "Ukiulizwa kazi, sema eksirei, halafu ufunge mdomo." Lakini mzee, babake Mwanaisha, aliponiuliza, nikaona nieleze vizuri, wajue sipigi picha mifupa hospitalini.

Shida ni kwamba sisi wa milimani ngeli hutupiga chenga, hasa tukiwa na wasiwasi. Nilitaka kusema miale mikali ya eksirei lazima ibanwe mpaka iwe nyembamba ajabu, ndipo tuipitishe juu ya kitu nukta kwa nukta, tupate picha ya vile vidogo visivyoonekana kwa macho. Nikasema:

"Mzee, mwale mnene hana faida. Sisi tunatafuta mwembamba, mwembamba kabisa!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. (Nikadhani wamevutiwa.) Nyanyake Mwanaisha, ambaye masikio yake yalisikia mwali, yaani binti wa kuolewa, akauliza polepole, "Na huyo mnene, mnamfanyaje?"

"Tunambana kwenye tundu dogo, nyanya. Wale wanaopotea pembeni tunawazuia na risasi!" (Risasi ile madini mazito, jamani, ya kukinga eksirei!)

"Lahaula!" Kahawa ikamwagika, mjomba akajifunika uso kwa kofia, mzee akasimama. "Mwanangu simpi muuaji!" Nami, kwa ujinga wangu, nikazidi kufafanua kwamba ndiyo kazi yetu ya kila siku, na serikali ya kule inajua.

Nilishaona Mwanaisha ananiponyoka hivi hivi, mpaka kicheko kikapasuka nyuma ya pazia. "Baba, anasema mwale, si mwali! Mwale kama wa jua! Ngeli zimemshinda huyu, mnisamehee, nitamfundisha mwenyewe."

Mzee akakaa, akacheka mpaka akafuta machozi, na posa ikapita. Kwa furaha nilikula mahamri ya wageni wote.

Hadi leo nikifika Voi, nyanya hunipekua mifuko mlangoni: "Umekuja na risasi?" Nami nimeapa, kazi yangu ni eksirei, basi, na neno "mnene" silitamki tena, hata kwa mkate, maana mwalimu wangu bado anasahihisha.