Mkono wa Fundi

Fundi wa mashine za kusaga mahindi hunywa chai kila saa nne asubuhi katika kibanda cha Navalayo, hapo Sigalagala. Mikono yake haiishi kunuka dizeli, kwa hiyo kikombe hukishika kwa vidole viwili, asikichafue. Gari likipita barabarani hufumba macho, akautaja ugonjwa wa injini yake. Lakini mtu mzima huyu, akitaka kwenda chooni, huinua mkono na kungoja mtu amwitikie. "Fundi, hii si shule!" wateja humcheka. Navalayo alidhani ni adabu tu. Alijua fundi aliwahi kufanya kazi ya injini melini. Zaidi ya hapo hakuambiwa.

Jana redio ilisema maharamia wameteka meli nyingine ya mafuta karibu na Somalia. Wateja wakaanza kulalamikia nauli itakayopanda. Fundi akatua kikombe, akainua mkono. Hakuna aliyemtazama ila Navalayo.

"Ukisimama bila ruhusa, hao watu walikuwa wanakupiganga," fundi alimwambia, kwa sauti ileile ya kutaja ugonjwa wa injini. "Walitushika melini miezi nane."

Mkono ulikuwa bado juu. Navalayo akaweka birika chini.

"Nenda, fundi."

Mkono ukashuka, naye akaenda.