Mkono Uliovunjwa na Ndege

Mdogo wangu alichumbiwa kabla yangu, na aliyemchumbia ni mwanamume niliyemtaka mimi. Naanza na hilo ili nisidhaniwe kuwa nitaeleza habari za ndege kwa utulivu. Siwezi. Wanasema wivu ni kidonda. Mimi changu nilikilea.

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu. Kiwanja cha ndege cha Singida kilikuwa mbuga iliyofyekwa tu, na hapo ikaja ndege ndogo ya jeshi, ya kufundishia vijana wao kurusha. Mchumba wa mdogo wangu alikuwa kibarua pale. Upepo wa kwetu hauna adabu, hubeba ungo pamoja na uwele wake. Kwa hiyo ndege ile ikitembea chini, vibarua wawili waliishika mabawa, mmoja huku, mwingine kule, isije ikapinduka. Siku hiyo mmoja wao alikuwa yeye; upepo ulikuja wa ubavuni, yule mwenzake akaogopa akaachia. Ndege ikainuka upande ule, na bawa la upande huu likambana yeye mkono wa kulia. Mzungu aliyekuwa ndani alitoka na vumbi tu.

Mkono ulipona umepinda, vidole havikunjiki. Mdogo wangu alilia waziwazi, akabembelezwa. Mimi nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Kwetu mkwe haleti ng'ombe tu. Mvua zikianza, sharti aje kulima shamba la ukweni, watu wamwone. Baba akasema wazi, "Asiyeweza kushika jembe atamlisha nini mwanangu? Asipolima, ng'ombe wake warudi."

Nilifurahi, kwa nini nifiche? Mdogo wangu alikuwa mvivu, anakimbia jua. Nilijua atamwacha, na akimwacha, nitamwomba mama anitaje mimi, mkubwa, hodari wa jembe. Ningemchukua na kilema chake.

Siku ya kulima alikuja. Alipiga jembe mara chache kwa mkono wa kushoto, likamponyoka. Ndipo mdogo wangu akatoka uani, akaliokota, akaanza kulima bila kumtazama mtu.

Baba alimwangalia weee, kisha akaniita. "Mwanangu, huyu hatamaliza peke yake. Chukua jembe, umsaidie mdogo wako."

"Ndiyo, baba."

Nikalima. Nililima kwa hasira, nikampita mdogo wangu, matuta yangu yamenyooka, ili yule mwanamume aone alichokikosa. Nilipofika mwisho wa shamba niligeuka. Alikuwa amemshikia mdogo wangu kibuyu cha maji kwa mkono mzima, anamnywesha. Mdogo wangu aliposhiba, yule mwanamume akaniletea na mimi kibuyu kile, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Ahsante sana, shemeji," akaniambia.